Usishushe Giaboksi Bado: Kutafuta Ubovu wa Klachi na Gia kwenye Datsun 240Z

Gari lilifika likivutwa na pikapu, kamba imefungwa kwenye bampa ambayo mimi nisingethubutu hata kuiegemea. Datsun 240Z ya mwaka 1972, rangi ya chungwa lililosahaulika juani. Mwenyewe, mzee mmoja wa Bombo, alinisomea mashtaka yote kabla hajakaa.

"Fundi, giaboksi imekufa. Wameishusha mara tatu. Mara ya tatu wakaniambia nitafute nyingine."

"Pole, mzee wangu. Na ukizima injini, gia zinaingia?"

Akafikiri kidogo. "Zinaingia zote. Kwa kidole kimoja."

Gia zikiingia zote kwa kidole kimoja injini ikiwa imezimwa, giaboksi haijafa. Nusu ya kazi ilikuwa imeisha na chai ilikuwa haijaletwa.

Magari haya yalitengenezwa kuanzia mwishoni mwa 1969 hadi 1973, yakiwa na injini ya L24 ya silinda sita, ujazo wa cc 2,393. Kwetu Afrika Mashariki jina lake lilijengwa na Safari Rally: mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda nalo, na mwaka 1973 akashinda nalo Shekhar Mehta, mzaliwa wa hapa Kampala. Kwa hiyo mtu akikuambia hili ni gari la kioo, la kuzungushwa Kololo Jumapili jioni, mwache aseme. Giaboksi yake ni ngumu. Vinavyochoka ni vitu vinavyoizunguka: mipira, bushi, mafuta, na mara nyingine subira ya fundi aliyeifungua mwisho.

Tatizo ni kwamba giaboksi ya 240Z inashuka kwa chini bila kugusa injini. Kwenye MGB, gari la Waingereza la enzi hizo hizo, huwezi kubadilisha klachi mpaka ung'oe injini, kwa hiyo fundi wa MGB hulala na kuamka akiwaza kabla hajashika spana. Sisi wa Datsun tunafungua kwanza, halafu tunawaza gari likiwa limeshapandishwa juu. (Na lipandishwe juu ya stendi za chuma. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake. Matofali ndiyo usiseme.)

Vipimo vitatu, hakuna spana

Kwanza tukumbushane mnyororo wenyewe, maana ubovu wote uko humo. Ukikanyaga pedali, fimbo inasukuma pistoni ya masta, ile silinda ndogo iliyofungwa kwenye ukuta wa injini mbele ya miguu yako. Mafuta ya breki yanakimbilia kwenye slevu, silinda ya chini iliyo ubavuni mwa giaboksi. Slevu inasukuma foku, foku inasukuma kola yenye rilizi beringi, beringi inakandamiza vidole vya presha pleti, na pleti ya klachi inabaki huru kati ya presha pleti na flaiwili, lile gurudumu zito lililo nyuma ya injini. Injini inaendelea kuzunguka, shafti ya giaboksi inatulia, gia inaingia. Kila kiungo kikiiba kidogo njiani, kola iliyo mwisho wa foleni ndiyo inayolala njaa.

Kipimo cha kwanza ni kile nilichomwuliza mzee. Injini imezimwa, pita gia zote, na rivasi pia. Zikiwa ngumu hata hapo, tafuta ubovu kwenye fimbo ya gia, bushi zake, oili, au ndani ya giaboksi. Zikiwa laini na zikawa ngumu mara tu injini ikiwaka, klachi haiachii, na giaboksi haina kosa.

Cha pili ni rivasi. Washa injini ipate moto, iache ingurume taratibu, vuta hendibreki, kanyaga pedali mpaka chini, hesabu moja mpaka tano bila haraka, kisha tia rivasi. Kwa nini rivasi? Kwa sababu haina sinkro, ile pete inayolinganisha mizunguko kabla gia haijaingia, ya kuficha aibu. Shafti ikiwa imesimama, inaingia kimya. Ikiwa bado inazungushwa na klachi isiyoachia, utasikia *krrr*. Zile sekunde tano zina kazi yake: shafti huendelea kuzunguka kidogo hata kama klachi ni nzima, na mtu asiyesubiri atailaumu bure. Fanya kipimo hiki mahali pa wazi. Usikifanye ukiwa umeelekeza mkia wa gari kwenye kibanda cha chapati.

Cha tatu: gia ikikataa, piga pedali mara mbili tatu haraka halafu jaribu tena. Ikiwa sasa inaingia, kuna hewa kwenye mafuta au masta imechoka. Ikiwa hakuna mabadiliko hata chembe, chukua rula uingie chini ya gari.

Hiyo rula ndiyo chombo ninachokipenda kuliko vyote. Msaidizi anakaa kwenye kiti, mimi niko chini na tochi. Naweka alama ya chaki kwenye fimbo ya slevu pale inapotokea kwenye mpira, namwambia akanyage mpaka chini, nasoma. Ninachotafuta ni milimita 12 mpaka 15. Zikipatikana hizo na rivasi bado inalia, ubovu uko ndani ya kengele ya giaboksi, lile ganda linaloifunika klachi, na huna budi kuishusha. Zisipopatikana, subiri: mara nyingi kuna kitu cha nje, cha bei ndogo.

Klachi haiachii: anza na zulia

Nacheka, lakini nasema kweli. Msimu wa mvua Kampala kila mtu anaongeza mpira wa sakafuni juu ya mpira, tope lisiharibu zulia. Kwenye 240Z nafasi ya pedali kule chini ni finyu. Zulia la zamani, juu yake mpira, juu yake gazeti, na pedali imepoteza vidole viwili vya mwendo kabla masta haijajua kuna mtu anakanyaga. Ondoa vyote, pima upya.

Kisha shika pedali kwa mkono na uitikise. Pale fimbo ya masta inapoungana na pedali kuna pini. Miaka 50 imeipita pini hiyo, na tundu lake limegeuka kutoka duara kuwa yai. Ukihisi pedali inashuka kabla fimbo haijaanza kusogea, na mchezo huo umezidi milimita chache, usirefushe fimbo ili kuuficha. Fimbo ikirefushwa kupita kiasi, pistoni ya masta hairudi mpaka mwisho, kile kitundu kidogo cha kurudishia mafuta kwenye chupa kinabaki kimezibwa, presha inanaswa, na tatizo lako la kutoachia linageuka kuwa la kuteleza. Jaza tundu kwa kuchomelea, litobolewe upya, tia pini mpya. Kwa wachomeleaji wa Katwe kazi hiyo hufanywa huku umesimama unasubiri.

Masta ikivuja, mara nyingi huvujia ndani ya gari. Pitisha kidole nyuma ya fimbo, pale juu ya pedali. Kikitoka na unyevu wa rangi ya kahawa, umeshapata jibu. Slevu huvujia ndani ya mpira wake wa vumbi, na hapa ndipo wengi wanapodanganywa: kwa nje ni kavu kabisa. Chomeka ukucha chini ya ukingo wa ule mpira, uuvute taratibu. Slevu nzima itakuonyesha vumbi tu. Iliyokufa itakutemea matone meusi kama wino mpaka kwenye kiwiko. Jioshe, maana mafuta hayo yanakula rangi ya gari kuliko yanavyokula ngozi.

Ukifungua silinda, pitisha ukucha ndani ya ukuta wake. Ukikwama kwenye mkwaruzo au shimo la kutu, kununua vikombe vipya vya mpira ni kutupa pesa. Baada ya wiki chache vitakuwa vimeraruka. Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani, na kwa unyevu wa huku ziwani gari likikaa miaka mitatu bila kubadilishwa mafuta, chuma hula kutu kutoka ndani. Nunua silinda nzima. Ikikosekana, mpelekee fundi wa mashine ya kukereza atie bomba jembamba la shaba ndani ya ile ya zamani. Nikienda Kisekka, soko la vipuri, kutafuta vikombe, hubeba kile cha zamani mfukoni pamoja na kipimio. Jina la gari kwenye pakiti halinitoshi.

Kuhusu mafuta yenyewe: DOT 3 au DOT 4, basi. Kiwango cha kuchemka cha DOT 3 mpya hakipungui nyuzi 205 za Selsiasi na DOT 4 nyuzi 230, lakini kwenye klachi tofauti hiyo si ya kukukosesha usingizi. Cha kukukosesha usingizi ni mtu aliyeongeza oili ya injini au ya stelingi kwenye chupa ya klachi "ili usikwame njiani." Oili hizo huvimbisha mipira. Utafungua masta ukute kikombe kimekuwa uyoga. Hapo hakuna kuosha. Badilisha kila mpira kutoka juu mpaka chini, paipu ya mpira nayo.

Na hiyo paipu tuisemee. Kwa nje inaweza kuonekana nzima huku ndani imekufa kwa namna mbili. Namna ya kwanza inavimba: ishike kwa mkono msaidizi akikanyaga, ukihisi inajaa kama mshipa wa shingo, mwendo wa slevu unaishia hapo. Namna ya pili inajiziba. Mafuta yanakwenda kwa nguvu ya mguu lakini kurudi yanajivuta, klachi inashika taratibu baada ya mguu kutoka. Ni kitu cha bei ndogo. Ukiwa umefungua mfumo, kiweke kipya bila kujadili.

Kutoa hewa kunahitaji watu wawili na utulivu. Bomba la plastiki kwenye nipeli ya slevu, ile skrubu ya kutolea hewa, ncha nyingine ndani ya chupa yenye mafuta. Pedali chini polepole, fungua nipeli, funga, ndipo pedali ipande polepole. Vijana hupenda kuipiga pedali kama pampu ya baiskeli. Hewa inakatika vipande inakuwa povu, na povu halitoki leo wala kesho.

Kuna jambo moja la 240Z ambalo nimelikuta zaidi ya mara moja. Slevu za mwanzo zina fimbo ya uzi na nati za kurekebishia, pamoja na springi ya kuirudisha foku. Za baadaye zinajirekebisha zenyewe na hazina springi. Sasa mtu anafunga slevu ya baadaye, anaikuta springi ya zamani imebaki kwenye boksi, anaona dhambi kuitupa, anaifunga. Kila ukiachia pedali, springi inarudisha pistoni nyuma, na kila ukikanyaga, nusu ya kwanza ya mwendo inakwenda kuifuata beringi ilipo. Ondoa springi hiyo. Nimeona gari likipona kwa koleo na dakika mbili.

Pedali inaposimama ghafla

Tofautisha pedali laini na pedali inayogonga. Pedali laini inayozama kama unakanyaga mkate ni hewa au mpira uliochoka. Pedali inayoshuka vizuri kisha ikasimama *ta!* kabla ya mwisho ni chuma kimekutana na chuma.

Gari la mzee wa Bombo lilikuwa hili la pili. Fimbo ya slevu ilikwenda milimita 8, ikasimama. Hakuna kuvuja, hakuna hewa, masta nzuri. Nikamulika kwenye dirisha la kengele, pale foku inapotokeza, nikaona kilichonifanya nimwite mzee ainame naye aone: foku ilikuwa imelala upande mmoja kuliko inavyotakiwa, na msaidizi alipokanyaga, ncha yake iligonga ukingo wa dirisha. Ukingo ulikuwa umeng'aa kwa kugongwa.

"Mzee, klachi ilibadilishwa lini?"

"Mwaka jana. Presha pleti ilipatikana kwa shida, fundi akasema hii ya Datsun nyingine inafungana."

Kufungana kweli ilifungana. Boliti zote ziliingia. Lakini presha pleti hiyo ilikuwa fupi kuliko ya asili, vidole vyake vilikaa ndani zaidi, na kola iliyorudishwa ilikuwa ile ile ya zamani. Nissan ilitengeneza kola za urefu tofauti kwa presha pleti tofauti katika familia hii ya Z, na ukizichanganya, beringi inalazimika kusafiri kabla ya kufika kazini. Kola huenda na presha pleti yake kama kifuniko na sufuria. Mara tatu giaboksi ilishushwa, mara tatu wakahesabu meno ya gia, na mara tatu kola ile ile ikarudishwa mahali pake. Tulipata ndefu inayofaa, na rivasi ikaingia kimya. Mzee aliitia na kuitoa mara kumi pale pale uani, akisikiliza.

Ukiwa umeshusha kwa sababu ya kweli, angalia na haya mengine. Pleti ya klachi inaweza kuwa imegeuzwa uso kwa mgongo. Kitovu chake hugusa boliti za flaiwili na klachi haiachii hata ufanye nini. Meno ya shafti yanayobeba pleti yakiwa makavu au yana kutu, pleti haitelezi kurudi nyuma. Yapake grisi nyembamba sana, kisha futa ile uliyopaka. Bushi ndogo ya shaba iliyo katikati ya mkia wa krenki ikikwama, inaizungusha shafti ya giaboksi hata klachi ikiwa imeachia kikamilifu, na hii huwapoteza mafundi wazoefu kwa sababu kila kitu kingine kinapimwa sawa. Mpya iloweke kwenye oili ya injini usiku kucha kabla ya kuigonga ndani.

Kuna pia gari lililokaa. Ukilikuta limelala chini ya mwembe tangu mwenyewe asafiri, pleti inaweza kuwa imeshikana na flaiwili kwa kutu. Usishushe. Washa injini ipate moto, zima, kandamiza pedali kwa kipande cha mbao mpaka kesho yake. Mara nyingi utasikia inabanduka yenyewe. Ikigoma, peleka gari kwenye uwanja mtupu, tia gia ya pili, kanyaga klachi mpaka chini, washa. Gari litaondoka na wewe. Ongeza mafuta na uachie kwa ghafla mara kadhaa, mguu wa klachi ukiwa chini muda wote, mpaka ibanduke. Uwanja uwe mtupu kweli, wasiwepo hata mbuzi.

Na vumbi la ndani ya kengele lisipulizwe kwa kompresa. Pleti nyingi za miaka ile zilitengenezwa kwa asbesto, na asbesto ikiingia kwenye mapafu haitoki. Kitambaa chenye maji, futa, tia kwenye mfuko, funga.

Klachi inateleza

Hii huhitaji kuitafuta, inakutafuta yenyewe. Unapanda Muyenga, injini inapiga kelele, mwendo hauongezeki, na harufu inaingia kupitia sakafu, ile ya kucha iliyounguzwa. Kuthibitisha, nenda barabara iliyo wazi, gia ya juu, kilomita 60 kwa saa, kanyaga mafuta mpaka chini. Mshale wa mizunguko ukiruka na wa mwendo ukabaki, inateleza. Jaribio moja linatosha. Kila unaporudia unaunguza kilichobaki.

Kabla hujahukumu pleti, fanya hivi inapokuwa inateleza: simama, fungua nipeli ya slevu kidogo. Mafuta yakiruka kwa presha, funga, rudi barabarani ujaribu. Ikiwa sasa inashika, pleti yako ni nzima. Presha ilikuwa imenaswa, na sababu ni fimbo ya masta iliyorefushwa au paipu iliyojiziba, tulizozitaja. Kwenye slevu zenye nati, angalia kama kuna mtu aliikaza mpaka beringi ikawa inasukuma muda wote.

Isiposhika, imekwisha au imelowa. Oili hutoka pande mbili: sili ya nyuma ya krenki, au sili ya mbele ya giaboksi. Nusa. Oili ya gia ina harufu ya kiberiti, huwezi kuikosea. Sili isipobadilishwa, pleti mpya itarudi kwako ndani ya miezi michache ikiwa imelowa vile vile, na mwenye gari atasema ulimwuzia feki.

Halafu kuna mguu. Jamu ya Barabara ya Jinja saa 12 jioni, gari linashikiliwa kwenye mwinuko kwa klachi, mbele kidogo nyuma kidogo, dakika 40. Hakuna pleti itakayovumilia hilo. Hendibreki iliwekwa kwa kazi hiyo.

Inatetemeka ukiachia

Gari likiruka-ruka wakati wa kuondoka, watu wote wanasema klachi. Inaweza kuwa oili kwenye pleti, au madoa ya bluu ya kuungua kwenye flaiwili. Lakini nyuma ya giaboksi ya 240Z kuna krosi sita, vile viungo vya shafti vinavyopinda: mbili za propela na mbili kwa kila shafti ya gurudumu la nyuma. Moja ikichoka, gari linagonga kila unapoachia klachi. Mpira unaoshikilia pua ya difu, lile boksi la gia la nyuma linalozungusha magurudumu, nao hupasuka, difu inanyanyuka na kurudi chini kwa kishindo ambacho utaapa kimetoka kwenye giaboksi. Ingia chini, shika propela kwa mikono miwili, izungushe kushoto na kulia. Kisha tia mtaimbo chini ya pua ya difu uinue. Mauntini za injini na za giaboksi zikague kwa macho: zikiwa zimeloweshwa oili, zimeshakuwa jeli.

Kelele

Kwa ufupi, maana mguu wako ndio unaojibu. Kelele inayokuja ukikanyaga pedali na kuondoka ukiachia ni rilizi beringi. Inayosikika ukiwa nyutro na mguu uko juu, ikanyamaza ukikanyaga, ni beringi ya mbele ya giaboksi. Mlio mwembamba unaotoka tu ukiwa umekanyaga na gia imeingizwa, gari limesimama, ni ile bushi ya mkia wa krenki.

Sasa giaboksi yenyewe

Tumefika hapa tu kama rivasi imeingia kimya. Mara nyingi bado si giaboksi. Fimbo ya gia ikizunguka kama kijiko kwenye uji, huku hujui kama umetia gia ya kwanza au ya tatu, ni bushi mbili za nailoni zilizo kwenye kitako cha fimbo. Huzeeka, zinapasuka, zinadondoka kama maganda ya karanga. Zinabadilishwa kutoka ndani ya gari, na zikikosekana hukerezwa kwa nailoni ngumu. Watu wamewahi kuuza giaboksi nzima kwa sababu ya bushi hizi mbili, na mimi nimewahi kuinunua moja.

Oili: SAE 90 ya daraja la GL-4. Ile GL-5 ni ya difu. Duka litakuambia GL-5 ni bora kwa sababu namba ni kubwa, lakini dawa zake za salfa hushambulia shaba ya pete za sinkro kwenye giaboksi za zamani, na utelezi wake unazinyima pete hizo mkwaruzo zinaouhitaji ili zikamate. Gia zote zikilia na ukajua oili ilibadilishwa karibuni, mwaga, tia GL-4, endesha wiki mbili kabla hujasema neno. Jaza mpaka ianze kudondoka kwenye tundu la kujazia, gari likiwa sawa pande zote. Na legeza boliti ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia. Aliyefanya kinyume akakuta ya juu imeshikana anajua kwa nini nasema.

Sinkro iliyokwisha inajitambulisha kwa gia moja, kwa kawaida ya pili: inalia ukishuka kutoka ya tatu, hasa oili ikiwa baridi asubuhi, nyingine zote ni laini. Hii haina haraka. Unaweza kuishi nayo miaka kwa klachi mbili: kanyaga, toa gia, achia ukiwa nyutro, piga mafuta kidogo, kanyaga tena, tia. Madereva wa malori ya zamani waliopanda Kabale walikuwa wakifanya hivyo siku nzima huku wanakula mahindi.

Gia inayoruka yenyewe kurudi nyutro ndiyo inayonifanya nikubali kushusha, kwa kuwa kwa kawaida ni springi na gololi za kushikilia gia, foku ya ndani iliyolika, au meno yaliyoviringika ncha. Lakini hata hapo ninaanza juu. Fungua kava la katikati, vua ule mpira wa fimbo ya gia uliofungwa mpya mwezi uliopita, mgumu, wa ngozi ya bandia, halafu endesha bila huo. Nimekuta mpira unaivuta fimbo kutoka kwenye gia ya tatu kila gari linapopita kwenye bonde la barabara.